Kuoga onsen na kubaki na stara: jibu kwa msomaji anayekwenda Japani

Swali: Mimi na mume wangu tutakuwa Kyoto katikati ya Novemba. Tungependa kulala usiku mmoja au miwili kwenye ryokan, zile nyumba za wageni za kijadi, yenye maji ya moto ya asili, yaani onsen. Tumeambiwa watu huoga uchi pamoja, na hilo kwetu ni gumu. Mimi hupaka hina na piko na nimesuka rasta. Mume wangu ana mchoro mdogo wa tatuu begani tangu ujana. Hatuli nguruwe wala hatugusi pombe. Je, jambo hili linatufaa au tuliache? Na tukienda, tufanyeje tusije tukaaibika?

Jibu: Linawafaa, dada. Ila kazi kubwa si ya siku ya kuoga, ni ya siku ya kuweka nafasi. Mgeni anayeumbuka onsen mara nyingi aliharibu mambo wiki kadhaa nyuma: alichukua nyumba yenye mabafu ya pamoja peke yake, hakusema asichokula, kisha akafika saa mbili usiku jiko limeshafungwa. Taratibu za majini zenyewe mtu huzishika kwa dakika tano.

Kwanza niwatoe hofu moja. Mabafu ya pamoja karibu yote yametengwa, wanaume kwao na wanawake kwao. Mabafu ya mchanganyiko, yaitwayo konyoku, yapo, lakini ni ya nyumba chache na hutangazwa waziwazi. Hamtaingia humo kwa bahati mbaya. Kinachobaki ni kuvua mbele ya watu wa jinsia yako, na hapo hakuna njia ya katikati. Nguo ya kuogelea hairuhusiwi katika bafu la kawaida, na hata taulo haliingizwi majini. Msiende mkitumaini kumbembeleza mhudumu. Atakataa, na atateseka kwa haya ya kuwakatalia. Kama stara kati ya kitovu na magoti ni jambo msilolegeza hata mbele ya jinsia yenu, liacheni kabisa bafu la pamoja mkachukue la faragha. Hamjapunjwa chochote: katika ryokan nzuri maji yanatoka kwenye chemchemi ile ile.

Faragha inapatikana kwa sura mbili

Ya kwanza ni kashikiri, bafu ambalo kwa muda fulani linakuwa lenu wawili na mlango mnaufunga kwa ndani. Zamu moja huwa dakika 45 hadi 60. Baadhi ya nyumba hulitoa bure: kibao cha mlangoni kikionyesha liko wazi, mnakigeuza na kuingia. Nyingine hutoza, mara nyingi kati ya yeni 2,000 na 4,000 kwa zamu, na zamu hugawiwa pale mapokezi mnapofika. Anayefika saa tisa alasiri huchagua apendavyo. Anayefika saa kumi na mbili huokota iliyobaki, pengine ya saa tano usiku. Jueni pia kwamba muda huo unajumlisha kuvua, kujiosha na kuvaa, kwa hiyo maongezi yaacheni yafanyike mkiwa tayari ndani ya maji.

Ya pili ni chumba chenye bafu lake, mara nyingi barazani, kwenye hewa ya wazi. Ni ghali zaidi, lakini mnaoga saa yoyote, hata alfajiri. Hapa ndipo wageni wengi hupigwa chenga. Tangazo linaposema chumba kina rotenburo, yaani bafu la nje, limesema hivyo tu. Halijasema maji yake ni ya chemchemi. Zipo nyumba zinazovuta maji ya onsen hadi kwenye mabafu ya pamoja, lakini vyumbani zinapasha maji ya bomba. Katika maelezo ya chumba chenyewe, si ya nyumba kwa ujumla, tafuteni herufi 温泉. Msipoziona, tumeni swali hili kama lilivyo:

部屋のお風呂は温泉ですか。

Linauliza kama bafu la chumbani ni onsen. Jibu litakuja kwa neno moja, na mtajua kama fedha ya ziada inanunua maji au inanunua mandhari tu.

Na kwa kuwa mtalipa kwa ajili ya maji, inafaa kujua sheria inaitaje. Sheria ya Onsen ya mwaka 1948 inataka moja kati ya mambo mawili: maji yatoke ardhini yakiwa na nyuzi joto 25 au zaidi, au yawe na kiwango kilichowekwa cha angalau kimoja kati ya viambata 19 vilivyoorodheshwa, kama vile chuma au salfa. Kwa hiyo maji yanayotoka vuguvugu tu, au hata baridi yenye madini, ni onsen halali, na mwenye nyumba anaruhusiwa kuyapasha. Mwaka 2004 ilifichuka kwamba baadhi ya mabafu ya Shirahone, mkoani Nagano, penye sifa ya maji meupe kama maziwa, yalikuwa yakitiwa unga wa kuyapa rangi. Kashfa hiyo ilizaa kanuni ya mwaka 2005: kila nyumba ibandike tangazo likieleza kama maji yameongezwa maji mengine (加水), yamepashwa (加温), yanazungushwa na kurudishwa (循環) au yametiwa dawa ya kuua vijidudu (消毒). Tangazo hilo huwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Penye maneno 源泉かけ流し maji yanatoka chemchemini, yanapita bafuni na kumwagika, hayarudi. Kwa maoni yangu maji yaliyopashwa si dhambi, na kuyazungusha katika mji wenye chemchemi ndogo ni busara. Lakini kama bei ya nyumba imepandishwa kwa sifa ya maji, tangazo hilo lina haki ya kusomwa kabla ya sifa.

Wapi, mkitokea Kyoto

Ningewapeleka Kinosaki, mkoani Hyogo, upande wa Bahari ya Japani. Treni ya haraka iitwayo Kinosaki hutoka Kyoto moja kwa moja na huchukua takriban saa mbili na nusu. Mji ni mdogo, umefuata mto mwembamba wenye mierebi kando, na unajulikana kwa mabafu yake saba ya umma. Mgeni anayelala katika ryokan ya hapo hupewa pasi ya kuingia mabafu hayo bila kulipa tena. Jioni mtaa mzima hugeuka matembezi: watu wamevaa yukata, lile vazi jepesi la pamba la kufunga kwa mkanda, na mitalawanda, wanatoka bafu hili kwenda lile. Kila bafu lina siku yake ya kufungwa kwa wiki, kwa hiyo mapokezi ulizeni yaliyo wazi kabla hamjapanga njia.

Kwenu ninyi Kinosaki ina faida mbili zaidi. Moja ni kwamba mabafu yake ya umma huwapokea wenye michoro mwilini, jambo lisilo la kawaida Japani, na mumeo akiamua kujaribu bafu la wanaume hatarudishwa mlangoni. Nyingine imetokana na ugomvi wa zamani. Mwaka 1927 ryokan moja ilijenga bafu la ndani, mji ukachachamaa, maana desturi ilikuwa wageni wote waende mabafu ya umma. Kesi na uhasama vilidumu mpaka 1950. Mabafu ya ndani yakaruhusiwa, lakini kwa ukubwa wenye mpaka, ili watu waendelee kutoka kwenda mtaani. Ndiyo maana mabafu ya ndani ya ryokan za Kinosaki ni madogo, na mengi hutolewa kama kashikiri. Mgeni anayetaka dimbwi pana ataona pamebana. Wawili wanaotaka faragha wamefika hasa wanapopataka.

Angalieni tarehe, hata hivyo. Msimu wa kaa upande huo wa bahari hufunguliwa Novemba 6 na kuendelea hadi Machi, na mlo wa kaa hupandisha bei ya usiku mmoja sana. Katikati ya Novemba mtakuwa ndani ya msimu. Mkiwa hamna haja na kaa, chagueni mpango wa chakula cha kawaida. Usipotaja, mfumo wa kuweka nafasi unaweza kukuonyesha ule wa kaa kwanza.

Kama mngekuwa mnatokea Tokyo ningesema Hakone, dakika 85 hivi kwa treni ya Romancecar kutoka Shinjuku, yenye vyumba vingi vyenye bafu la nje. Kusatsu, mkoani Gunma, ni kwa wanaotaka maji makali: ni asidi ya pH karibu 2, na yanatoka ya moto kiasi kwamba wanawake wa hapo huyakoroga kwa mbao ndefu huku wakiimba ili yapoe bila kuongezwa maji baridi. Maonyesho ya kukoroga huko, yumomi, mnaweza kuyatazama mkiwa mmevaa nguo zenu zote.

Na ipo njia ambayo watu wa stara huisahau: kuoga kwa mchanga. Ibusuki, kusini mwa Kyushu, na Beppu, mkoani Oita, mnalala chini mkiwa mmevaa yukata, mhudumu anawafukia kwa koleo hadi shingoni katika mchanga unaopashwa moto na maji ya chini. Dakika 10 zinatosha. 15 ni nyingi. Jasho linatoka kuliko katika maji, na uzito wa mchanga unasikika kifuani, kwa hiyo mwenye shida ya kupumua asijaribu. Baada yake mnajiosha, na hapo sehemu ya kujioshea inaweza kuwa ya pamoja, kwa hiyo ulizeni kwanza. Ni mbali na Kyoto: Beppu ni takriban saa nne kwa treni mkibadilisha Kokura. Kwa safari yenu ya sasa haifai kulazimisha.

Michoro, hina, rasta

Michoro hukataliwa kwa sababu kwa muda mrefu ilikuwa alama ya magenge ya wahalifu, yakuza. Uchunguzi wa Wakala wa Utalii wa Japani wa mwaka 2015 ulikuta karibu asilimia 56 ya nyumba zilizojibu zinakataa, asilimia 31 zinakubali, na asilimia 13 zinakubali ukiufunika. Nje ya Kinosaki, mchoro mdogo wa begani unafunikika kwa plasta yenye rangi ya ngozi. Rangi zinazouzwa huko ni za ngozi nyeupe, kwa hiyo mumeo aende na zake. Ibandikwe juu ya ngozi kavu isiyo na mafuta, vinginevyo itajikunja pembeni ndani ya maji ya moto na kuelea mbele ya watu. Katika kashikiri au bafu la chumbani suala hili halipo kabisa.

Hina ya rangi ya chungwa inayofifia haisumbui sana. Piko ndilo tatizo, maana weusi wake na maua yake kwenye mkono havitofautishwi na mchoro wa kudumu na mtu asiyeijua mila hiyo, na kumweleza kwa ishara kwamba itafutika baada ya wiki mbili ni kazi. Kama ni arusi inayowangoja baadaye, pakeni baada ya onsen. Kama mmeshapaka, tumieni bafu la faragha basi.

Nywele haziruhusiwi kugusa maji ya pamoja, za aina yoyote. Rasta zifunge juu kabisa kwa kamba ya nguo, si kwa kibanio cha chuma, kisha vaa kofia ya plastiki ya kuogea. Hata mkiwa peke yenu usizizamishe: zinanyonya maji, zinakuwa nzito, na zikinywa maji ya salfa harufu ya yai viza itakufuata mpaka Kyoto. Shampuu za pale ni za nywele laini na hukausha nywele zetu, hivyo beba yako na mafuta yako. Mafuta yenyewe, ya nywele na ya mwili, yapakwe baada ya kuoga. Ukiingia nayo utaacha utando juu ya maji.

Mapambo ya fedha vueni yote. Salfa huigeuza pete ya fedha kuwa nyeusi kwa zamu moja tu.

Ndani ya bafu, hatua kwa hatua

Utaratibu ni mmoja, iwe pamoja au faragha. Hata mkiwa wawili tu, maji yale yatatumiwa na wengine baada yenu, kwa hiyo hakuna ruhusa ya kuruka kujiosha.

Mlangoni angalia herufi, si rangi. Pazia la buluu mara nyingi ni la wanaume na jekundu la wanawake, lakini kuna nyumba zinazotumia rangi nyingine kabisa. 男 ni wanaume: sehemu yake ya juu ni kisanduku kilichogawanywa kwa msalaba. 女 ni wanawake, haina kisanduku. Na kuna mtego wa asubuhi: nyumba nyingi hubadilishana mabafu usiku ili kila jinsia ionje yote mawili. Bafu ulilotoka jana huenda leo ni la wanaume. Soma upya kila unapoingia.

Vua kandambili kabla ya kukanyaga sakafu ya chumba cha kubadilishia. Nguo zote ziweke kapuni pamoja na taulo kubwa. Unaingia na taulo dogo tu. Simu ibaki chumbani kwako kabisa. Kuishika tu katika chumba cha kubadilishia, hata kusoma saa, humfanya mtu mwingine ashtuke, na ana haki.

Ndani utakuta vigoda vifupi mbele ya mabomba. Keti. Kuosha ukiwa umesimama humrushia jirani povu, na ni kosa linalowatambulisha wageni haraka kuliko jingine lolote. Jimwagie, sabuni mwili mzima, suuza mpaka pasibaki povu hata kwenye kofia, kisha suuza kigoda na beseni, virudishe ulivyovikuta. Ukikuta kata kando ya dimbwi, jimwagie maji ya dimbwi lenyewe kuanzia miguuni kupanda juu. Hiyo ni kuuzoesha mwili joto, si mapambo.

Ingia polepole. Maji mengi ni nyuzi 40 hadi 43, ambazo kwa mtu asiyezoea ni moto kweli. Kaa dakika mbili tatu maji yakifika kiunoni, kisha shuka hadi mabegani. Dakika tano hadi kumi zinatosha mara ya kwanza. Toka, keti ukingoni, ingia tena ukipenda. Taulo dogo lipo kichwani au ukingoni. Usiogelee, usisugue mwili humo, usikamulie taulo ndani.

Kinachowaangusha watu ni kuinuka. Joto limeitanua mishipa, damu imeshuka chini, na mtu akisimama ghafla kizunguzungu kinampata pale pale kwenye mawe yenye utelezi. Inuka kwa hatua, ukishika ukingo. Bafu la nje la Novemba lina hatari ya upande wa pili: kutoka chumba chenye joto, kupita hewa ya baridi ukiwa uchi, kuzama kwenye nyuzi 42, presha inapanda na kushuka kwa dakika chache. Mwenye presha isiyodhibitiwa au ugonjwa wa moyo amuulize daktari wake kwanza. Usiingie na homa, wala mara tu baada ya kula, wala ukiwa na njaa ya kutetemesha mikono. Kuhusu mimba, ilikuwemo katika orodha rasmi ya makatazo hadi 2014, ilipoondolewa. Hata hivyo joto la chini, muda mfupi na neno la daktari ndiyo tahadhari ya kawaida.

Kabla ya kurudi kwenye nguo, kamua taulo dogo na ujifute mwili, sakafu ya kule isilowe. Maji laini hayahitaji kusuuzwa. Ya asidi au salfa kali, mwenye ngozi nyepesi ajisuuze kwa maji ya bomba. Kisha kunywa maji, glasi mbili, na pumzika nusu saa. Wenyeji wengi hununua chupa ya maziwa baridi kutoka mashine iliyo hapo nje. Ijaribuni.

Yukata na sakafu

Yukata mtaikuta chumbani. Upande wa kushoto hulala juu ya wa kulia, kwa mwanamume na mwanamke. Kinyume chake ni namna ya kumvika maiti, na mhudumu mzee akikuona hivyo atakusogelea kukurekebisha. Mkanda kwa mwanamke hukaa kiunoni, kwa mwanamume chini kidogo, nyongani. Dada, vaa blauzi nyembamba ya mikono mirefu na suruali ya kubana ndani yake, na mtandio wako kichwani; hakuna atakayeona ajabu. Novemba huongezwa koti fupi juu, na linakuwa kabatini. Mnaweza kuvaa hivyo kwenye chakula na mtaani Kinosaki. Katika hoteli za kawaida za Kyoto, msitoke nje ya chumba hivyo.

Juu ya tatami, ile mikeka iliyotandikwa sakafu nzima, mnatembea kwa soksi au miguu mitupu. Sanduku la magurudumu linyanyueni, maana magurudumu hukata nyuzi za mkeka. Chooni kuna kandambili zake, zisitoke humo. Ile nafasi iliyoinuka ukutani yenye mchoro na ua, tokonoma, si mahali pa mabegi. Afadhali zaidi sanduku kubwa lisije kabisa: hoteli ya Kyoto itawasaidia kulituma kwa huduma ya takkyubin hadi hoteli yenu inayofuata, kwa kawaida linafika kesho yake, nanyi mnasafiri na begi la usiku mmoja.

Chakula ndicho kigumu kuliko maji

Nguruwe si tatizo kubwa, maana huonekana na hutajika. Pombe ndiyo imejificha. Sake, pombe ya mchele, na mirin, mvinyo mtamu wa mchele, huingia katika karibu kila mchuzi, samaki wa kuokwa, mboga za kuchemsha, hata mchanganyiko wa mayai ya mvuke. Na Hyogo ni nyumbani kwa ng'ombe wa Tajima, kwa hiyo nyama itakuja hata msipoiagiza, na haikuchinjwa kwa njia yenu. Mlo wa jioni huwa sahani nane, kumi au zaidi, na maandalizi huanza mapema. Ukisema mezani, mpishi hana la kufanya isipokuwa kuondoa sahani. Andikeni siku ya kuweka nafasi, rudieni wiki moja kabla, kwa maneno haya:

肉・酒・みりんは使わないでください。魚と野菜は食べられます。

Maana yake: tafadhali msitumie nyama, sake wala mirin, samaki na mboga tunakula. Nyumba nyingine zitajibu kwamba haziwezi. Hilo ni jibu la uaminifu, lisiwakwaze. Chukueni basi mpango wa kulala bila chakula, sudomari, au wa kifungua kinywa peke yake. Ni nafuu zaidi, na Kinosaki kuna migahawa ya samaki, ingawa mingine hufungwa mapema, hivyo kuleni kabla ya saa moja. Sosi ya soya yenyewe huchachushwa na hubaki na chembe za pombe. Hapo kila mtu ana msimamo wake, amueni kabla ya safari, si mbele ya sahani.

Kama mtalala usiku wa pili, ufanyeni huo wa sudomari hata kama jiko limewakubalia. Milo miwili mfululizo ya sahani kumi huchosha, na mpishi aliyekwisha kubadilisha kila kitu jana hana tena nafasi kubwa ya kubuni.

Bei na saa

Bei ya ryokan huandikwa kwa mtu mmoja, si kwa chumba. Wengi huona yeni 22,000 wakadhani ndiyo yote, kumbe wawili ni 44,000. Pamoja na milo miwili, nyumba za kawaida huanzia takriban yeni 15,000 kwa mtu, zenye bafu la chumbani mara nyingi hupita 30,000, na Jumamosi huwa juu zaidi. Lala Jumapili hadi Alhamisi. Kodi ya kuoga, kwa kawaida yeni 150 kwa mtu kwa usiku, hulipwa pale pale na aghalabu haimo katika bei ya mtandaoni, wekeni sarafu. Bakshishi haitolewi. Pasipoti zitanakiliwa mapokezi, kwa kuwa serikali inataka hivyo kwa mgeni asiye na makazi Japani.

Chumba hupokelewa kuanzia saa tisa alasiri (15:00) na hukabidhiwa saa nne asubuhi (10:00). Chakula cha jioni huanza saa kumi na mbili hadi saa moja, na wakati mnakula, mhudumu huingia chumbani kutandika magodoro, kwa hiyo vitu vya siri viwe vimefungwa begini. Treni ikichelewa pigeni simu mapema. Mkipitwa na saa ya mwisho ya chakula mnakipoteza na fedha hairudi. Pandeni treni ya asubuhi kutoka Kyoto, acheni begi mapokezi hata kabla ya saa tisa, zungukeni mji, na saa tisa kamili muwe wa kwanza kuomba zamu ya kashikiri. Ya saa kumi na moja jioni ndiyo bora: mwanga bado upo kidogo, tumbo halijajaa, na mnatoka moja kwa moja kwenda mezani.